Zoezi la maafa kijijini: namna ya kulipanga, kuliendesha na kulitathmini

Kila tunapotangaza tahadhari ya mvua kubwa kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), baadhi ya wasikilizaji hutupigia na kuuliza: tumesikia, sasa tufanye nini? Jibu la swali hilo halifai kutafutwa usiku maji yakiwa mlangoni. Hutafutwa mapema, mchana, wakati wa kiangazi, kwa kufanya zoezi. Katika makala hii tunaeleza zoezi la utayari ni nini, na namna kijiji kinavyoweza kulifanya bila bajeti kubwa.

Zoezi la utayari ni nini?

Ni siku ambayo watu hufanya kwa makusudi yale wangeyafanya kama maafa yangetokea kweli: kupokea taarifa, kupiga mbiu, kuhama, kuhesabiana na kubeba majeruhi. Yapo ya aina tatu.

Zoezi la mezani: viongozi wachache hukaa pamoja, mmoja husoma tukio la kubuni, na kila mtu hueleza angefanya nini na kwa kutumia nini. Halihitaji zaidi ya saa 2 na kipande cha karatasi.

Zoezi la sehemu: hujaribu jambo moja tu, kwa mfano kama filimbi na ngoma zinasikika hadi kitongoji cha mwisho.

Zoezi kamili: kijiji kizima au shule nzima huhama kweli na kufika mahali salama. Viwanja vya ndege vya kimataifa hutakiwa kufanya zoezi kamili angalau mara moja kila miaka 2, kwa sababu mpango ulio kwenye faili tu haumwokoi mtu.

Kwa nini kijiji kifanye, wakati kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji? Kwa sababu anayefika kwanza ni jirani. Ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi wenye mitumbwi walikuwa wa kwanza kuifikia. Watu 19 walifariki, na wengine 24 waliokolewa. Na maafa hayachagui saa. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Mji mmoja, mafunzo mawili

Kabla ya kueleza hatua, tutoe mfano mmoja unaoonyesha uzito wa jambo hili. Kamaishi ni mji wa pwani ya kaskazini mashariki ya Japani. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa la ardhi lilisababisha mawimbi ya tsunami yaliyoufunika mji huo.

Katika eneo la mji huo linaloitwa Unosumai, wanafunzi wa shule ya kati walikuwa wamefundishwa kwa miaka kadhaa kukimbilia juu bila kusubiri kuambiwa, na kutoamini kwamba ramani inajua kila kitu. Walitoka mbio, na watoto wa shule ya msingi ya jirani wakawafuata. Walipofika mahali walipopangiwa, waliona ukingo wa mlima ukimomonyoka. Hawakukaa. Walipanda juu zaidi, wakubwa wakiwashika mikono wadogo. Maji yalizifikia shule zote mbili, na yalifika pia mahali pale walipokuwa wamesimama kwanza. Watoto wale walipona.

Katika eneo hilohilo kulikuwa na jengo la jamii karibu na makazi. Halikuwa mahali rasmi pa kukimbilia tsunami. Mahali rasmi palikuwa juu, mbali zaidi. Lakini katika mazoezi watu walikusanyika pale, kwa sababu palikuwa karibu na wazee walifika bila taabu. Zoezi la mwisho la aina hiyo lilifanyika mwanzoni mwa Machi 2011, siku chache tu kabla ya tsunami. Siku ya maafa wengi walikwenda palepale walipozoea. Maji yaliingia ndani, na inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 100 walifia humo.

Somo ni kwamba zoezi hufundisha. Siku ya hofu mtu hafikiri sana, hufanya alichozoea. Zoezi la kweli hufundisha njia ya kupona, na zoezi lililorahisishwa ili mahudhurio yawe mazuri linaweza kufundisha njia ya kufa. Kijiji kikiwapanga watu kwenye uwanja wa shule ulio bondeni kwa sababu gari la mgeni rasmi linafika kirahisi, kimewafundisha kukimbilia majini.

Kupanga zoezi

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Kwa hiyo zoezi lina mwenyewe: ni kazi ya kamati ya kijiji. Kama hujui wajumbe wake ni nani, muulize mtendaji wa kijiji.

1. Chagueni hatari moja. Kijiji cha kando ya mto kianze na mafuriko, shule ya bweni ianze na moto. Msichanganye.

2. Wekeni lengo linalopimika. "Kuelimisha wananchi" halipimiki. "Kaya zote za kitongoji cha mtoni ziwe zimefika kilimani ndani ya dakika 40 tangu mbiu ipigwe" linapimika.

3. Tembeeni njia kwa miguu. Waulizeni wazee maji ya miaka iliyopita yalifika wapi, na wekeni alama kwenye miti. Angalieni kama njia ya kupanda haikatishi korongo linalojaa mvua ikinyesha.

4. Andikeni orodha ya wanaohitaji msaada: wajawazito, wazee wasiotembea, watu wenye ulemavu, wagonjwa, watoto wanaobaki peke yao wazazi wakiwa shambani. Kwa kila mmoja andikeni majina ya majirani 2 watakaomchukua, na chombo cha kumbebea, iwe machela, mkokoteni au baiskeli. Orodha hii itunzwe na mwenyekiti wa kitongoji, isibandikwe ukutani.

5. Chagueni waangalizi 3 au 4 ambao hawatashiriki. Kazi yao ni kuandika saa na walichoona. Mwalimu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanafaa.

6. Toeni taarifa mapema: kwa mtendaji wa kata, kituo cha polisi, zahanati, shule, misikiti na makanisa, vijiji jirani na redio inayosikika eneo lenu.

Jambo la sita tunalisisitiza sisi watangazaji. Tarehe 13 Januari 2018, katika jimbo la Hawaii nchini Marekani, maofisa walikuwa kwenye zoezi la ndani. Ujumbe uliotumika ulikuwa na maneno yanayosema ni zoezi, lakini pia ulikuwa na maneno yanayosema si zoezi. Mfanyakazi mmoja akaamini kombora linakuja kweli, akatuma tahadhari kwenye simu za wananchi. Ilichukua dakika 38 kabla ya simu hizo kupata ujumbe wa kuisahihisha. Kwa hiyo kila tangazo, iwe kwa kipaza sauti, simu au redio, lianze na liishe kwa maneno haya: "Hili ni zoezi." Na muwe na neno la kusimamisha. Akitokea mtu ameumia kweli, msimamizi aseme, "Zoezi limesimama," na kila mtu aache alichokuwa akifanya.

Kuendesha zoezi

Tuchukue kijiji cha kando ya mto. Siku ya zoezi inaweza kwenda hivi.

Saa 2:00 asubuhi msimamizi anampigia mtendaji: "Hili ni zoezi. TMA imetoa tahadhari kubwa, maji yanapanda. Hili ni zoezi." TMA hutumia rangi ya njano kwa angalizo, ya machungwa kwa tahadhari, na nyekundu kwa tahadhari kubwa. Wanakijiji wajue kila rangi inawataka wafanye nini. Kamati inaweza kukubaliana kwamba njano ni kufuatilia redio na kuweka tayari nyaraka na dawa, machungwa ni kuwahamisha walio kwenye orodha, na nyekundu ni kila mtu kuondoka bondeni.

Dakika chache baadaye msimamizi anatangaza kwamba mtandao wa simu umekatika. Simu zote zinawekwa mfukoni, isipokuwa ya msimamizi kwa dharura ya kweli. Hapo ndipo mtaona kama ujumbe unaweza kufika kwa miguu, baiskeli, ngoma au kengele ya shule. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini isiposikika hakuna atakayejua.

Watu wanaondoka wakiwa na mfuko mdogo: kadi za kliniki na vitambulisho ndani ya plastiki, dawa za kila siku, tochi, maji ya kunywa. Mifugo ifunguliwe au ihamishwe kama mpango unavyosema. Jambo hili lijaribiwe kweli, kwa sababu mtu hurudi nyuma kwa ajili ya ng'ombe wake.

Huko kilimani kila balozi anahesabu kaya zake na kupeleka idadi kwa mwenyekiti. Msimamizi amemficha mtu mmoja kwa makusudi, kwa makubaliano, nyumbani kwa jirani. Je, hesabu itagundua kwamba mtu hayupo? Itachukua dakika ngapi?

Usalama uzingatiwe. Hakuna mtu kuingia mtoni, hakuna moto wa kweli kuwashwa, mgonjwa mahututi asibebwe kwa majaribio. Badala yake kijana mzima alale kwenye machela. Watoto waelezwe kabla, wasishtuliwe. Na kumbukeni namba za bure za dharura: 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji. Zikaririwe, lakini zisipigwe kwa ajili ya zoezi.

Kutathmini

Hapa ndipo vijiji vingi huishia kwa picha ya pamoja na soda. Tathmini ifanyike siku hiyohiyo, watu wakiwa bado wanakumbuka, na isizidi saa 1.

Maswali ni manne. Tulipanga nini kitokee? Kilitokea nini? Kwa nini kulikuwa na tofauti? Tunarekebisha nini?

Waanze kusema waliofika mwisho. Mzee aliyebebwa anajua njia ina mashimo wapi. Mama mwenye mapacha anajua kwa nini alichelewa. Baadhi ya wanawake hawasemi kwenye mkutano wa hadhara, kwa hiyo wapewe kikundi chao na mwandishi wao. Kiziwi aulizwe kwa ishara nani alimjulisha. Kama hakuna aliyemjulisha, hiyo ni kasoro ya kwanza kwenye orodha.

Tathmini si kikao cha kutafuta mchawi. Tusiulize "nani alizembea?" Tuulize "kitu gani kilikosekana?" Mkimwaibisha mpiga mbiu aliyechelewa, zoezi lijalo ataandika saa ya uongo. Nanyi mtabaki na ripoti nzuri na kijiji kilekile.

Mwisho andikeni kasoro 3 kubwa tu. Kwa kila moja andikeni mambo matatu: kitakachofanyika, atakayekifanya, na tarehe ya mwisho. Kwa mfano: "Mbiu haikusikika kitongoji cha chini. Kengele ya pili itafungwa kwenye mwembe wa zahanati. Anahusika mwenyekiti wa kitongoji. Kabla ya mwisho wa mwezi." Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na isomwe kwenye mkutano wa kijiji unaofuata. Baada ya marekebisho, jaribuni tena sehemu ile iliyofeli, hakuna haja ya kurudia zoezi zima.

Zoezi lililofanikiwa si lile ambalo kila kitu kilikwenda sawa. Likienda sawa mno, huenda lilikuwa rahisi mno. Mwaka unaofuata lifanyeni jioni, au siku ya mnada, au mwenyekiti akiwa safarini na naibu wake akishika usukani.

Kidogo kinatosha kuanza

Anayeona kazi hii ni ya mataifa tajiri aitazame Bangladesh. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika eneo hilo. Miaka iliyofuata nchi hiyo ilijenga mtandao wa watu wa kujitolea wa vijijini, wenye bendera, vipaza sauti na baiskeli, wanaofanya mazoezi ya kutoa tahadhari na kuhamisha majirani. Nchi hiyo pia ilijenga majengo ya kujihifadhi na kuboresha utabiri. Kimbunga kikali cha Sidr kilipopiga mwaka 2007, vifo vilikuwa maelfu machache. Bado ni msiba, lakini si laki tatu.

Sisi tunaweza kutangaza tahadhari hewani, ila hatuwezi kumbeba bibi yako kupanda kilima. Kabla ya mvua za vuli, iombeni kamati ya kijiji chenu saa 2 za zoezi la mezani. Anzeni na swali hili moja: mbiu ikipigwa usiku wa leo, nani anamchukua nani, na wanapita njia ipi?