Hoteli Tanganyika, usiku wa 13 Oktoba 1961

Hapa kambini ukiuliza nani alimuua Rwagasore, wazee wengi wanajibu haraka: "Mgiriki." Si uongo. Ila jibu hilo linaishia kwenye bunduki, na mimi nataka tuanzie mezani.

Bujumbura wakati ule iliitwa Usumbura, na mji ulikuwa umegawanywa: Wazungu kwao, Waafrika kwao, Buyenzi na Bwiza. Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, haikuwa ya mtu wa Buyenzi. Lakini ni hao hao Waswahili wa Buyenzi, wafanyabiashara wadogo, waliomuunga mkono Louis Rwagasore mapema, tangu ushirika wake wa 1957. Mwishoni mwa 1960, wakati wa uchaguzi wa komini, Wabelgiji walimfungia nyumbani asitoke. Haikusaidia kitu. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ikachukua viti 58 kati ya 64.

Basi, akawa waziri mkuu. Wiki mbili tu! Usiku wa tarehe 13 Oktoba alikuwa anakula na wenzake kwenye baraza ya hoteli hiyo, risasi ikatoka gizani. Alikuwa na miaka 29. Wengi wetu humu kwenye grupu tunakaribia umri huo.

Aliyepiga, Jean Kageorgis, aliuawa tarehe 30 Juni 1962. Angalieni hiyo tarehe: siku moja kabla ya uhuru, bado chini ya Ubelgiji. Lakini waliompanga walikuwa viongozi wa PDC, chama kilichoshindwa. Wawili kati yao, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, walikuwa watoto wa chifu Baranyanka, Baganwa kama Rwagasore mwenyewe. Kwa hiyo wanaosema ni chuki ya kikabila, hapa hawaipati. Baada ya uhuru kesi ilirudiwa, na tarehe 15 Januari 1963 watu watano wakanyongwa Gitega, hao ndugu wawili wakiwemo.

Na Wabelgiji je? Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliwataja hadharani kuwa ndio waliokuwa nyuma ya mauaji. Mwaka 2021 Ludo De Witte, Mbelgiji mwenyewe, akatoa kitabu kizima kinachoelekeza kidole huko huko. Mzee mmoja jirani yetu nilipomsomea haya alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa huyo Mgiriki, alilipwa na nani?"