Litowa: Vijana Walipojadili na Kuamua

Mwaka jana nilialikwa katika ukumbi mmoja mjini Songea kusikiliza mjadala wa vijana walio katika rika la balehe, ulioandaliwa na asasi ya kijamii ambayo sitaitaja. Aliyeuongoza alikuwa binti wa kidato cha nne, mwenye ufasaha ambao baadhi ya wahadhiri wenzangu wangeuonea wivu. Walizungumzia viboko shuleni, mimba za utotoni na ajira. Maoni yakaandikwa kwenye karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani, picha zikapigwa, soda zikagawiwa.

Wapo wanaoamini kwamba mijadala ya namna hii ni mbegu ngeni, iliyoletwa na miradi ya wafadhili. Historia ya mkoa huuhuu inawakanusha.

Mwaka 1960 wanachama wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU, akiwamo Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini Litowa kuanzisha shamba la pamoja. Jaribio la kwanza lilikwama, chakula kiliwaishia. Millinga akaenda kusoma katika Chuo cha Kivukoni, na aliporejea kijiji kikasimama. Mwaka 1963 likasajiliwa shirikisho la vijiji vya aina hiyo, ambalo wengi tunalijua kwa kifupisho chake cha Kiingereza, RDA. Mshauri wao, Mwingereza Ralph Ibbott, aliishi hapo na familia yake. Kufikia mwaka 1969 vijiji wanachama vilikuwa vimekaribia ishirini.

Waasisi hao hawakuwa watoto, walikuwa watu wazima vijana. Lakini desturi yao ya kukaa pamoja na kuamua nani alime wapi, na mavuno yagawanywe vipi, iliingia hadi katika shule ya Litowa, iliyopokea watoto kutoka vijiji vingine vya shirikisho. Mwalimu mkuu alikuwa Suleman Toroka. Wanafunzi walilima, walifanya mikutano yao, na walishiriki kuendesha maisha ya shule. Fimbo haikuwa nguzo ya nidhamu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, watu wa Litowa walisoma humo mengi waliyokwisha kuyatenda.

Sitaki kuipamba Litowa. Kilikuwa kijiji kidogo, chenye maisha magumu, na wapo walioingia wakatoka. Ninachokitazama ni jambo moja tu: maneno yaliyosemwa mkutanoni yalikuwa na uwezo wa kubadili ratiba ya kesho yake. Mtoto aliyelalamika kuhusu kazi ya shamba alikuwa akizungumza na watu wenye mamlaka ya kuipanga upya kazi hiyo, naye akiwa mmoja wao.

Uwezo huohuo ndio uliowaponza. Ingawa Nyerere aliwaunga mkono, viongozi wengi wa chama na serikali mkoani hawakuvumilia vijiji vinavyojiamulia mambo bila kusubiri agizo kutoka juu. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ililipiga marufuku shirikisho hilo. Mali zake zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa. Vijiji vya ujamaa sasa vingeendeshwa na chama. Katika miaka ya sabini tulishuhudia watu wakihamishiwa vijijini kwa nguvu, na wanazuoni wetu wameandika mengi kuhusu hilo. Kuhusu darasa lililovunjwa Litowa wameandika machache mno.

Leo sheria iko upande wa kijana kuliko ilivyokuwa wakati ule. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Hapo pana mambo matatu. Katika ukumbi ule nililiona la kwanza likitimizwa kwa umahiri mkubwa. La pili lilitegemea nani amehudhuria, na hapakuwa na mkuu wa shule hata mmoja, wala diwani, wala ofisa elimu.

Kabla sijaondoka, binti yule alinijia. “Shikamoo, Dokta. Eti mwalimu wetu mkuu ataisoma ile ripoti?”

Nilimwambia nitamuuliza mratibu, na nikamuuliza. Ripoti ilikuwa ya mfadhili, nayo ingeandikwa kwa Kiingereza.