Jengo Kwanza, Vifaa Baadaye: Historia ya Maabara za Baiolojia katika Shule za Sekondari za Mpanda na Mkoa wa Katavi

Makala hii inachunguza historia ya vifaa vya kufundishia Baiolojia kwa vitendo katika shule za sekondari za Mpanda na maeneo ambayo tangu mwaka 2012 yanaunda Mkoa wa Katavi. Jengo huacha msingi, hati na picha ya uzinduzi. Chupa ya ayodini ikiisha hutupwa. Pengine ndiyo maana historia ya maabara zetu imeandikwa kwa kuhesabu vyumba. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba somo la viumbe hai husimama juu ya vitu vinavyokwisha na kuhitaji kuletwa tena, na kwamba mahali kama Mpanda, suala la kuletwa tena ndilo lililokuwa gumu kuliko la kujenga.

Ugumu huo una historia yake. Reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa takribani kilometa 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Kusudi lake lilikuwa kutoa mali, si kuleta. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960 reli ilibaki, nayo kwa miongo mingi ikawa tegemeo la abiria na mizigo, kwa kuwa barabara za udongo zilikuwa hazitabiriki wakati wa masika. Umeme nao ulitoka kwenye jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Kwa mwalimu wa Baiolojia, mambo haya mawili yalikuwa na maana ya moja kwa moja: vioo na asidi vilisafiri mbali kabla ya kufika, na hadubini ya taa au jokofu la kuhifadhia vitendanishi vilitegemea dizeli.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 uliongeza shule za kata kwa kasi ambayo vifaa havikuweza kuifuata. Kwa miaka kadhaa Baraza la Mitihani liliruhusu karatasi mbadala wa mtihani wa vitendo, ambamo mtahiniwa alieleza kwa maandishi jaribio ambalo huenda hakuwahi kuliona. Alitakiwa kujua kwamba myeyusho wa Benedikti hubadilika kutoka buluu hadi rangi ya matofali ukichemshwa na glukosi. Aliyekariri alifaulu. Ni vigumu kuiita hiyo sayansi, ingawa ni haki kusema kwamba bila karatasi hiyo watoto wengi wa kata za mbali wasingekuwa na mtihani wa kufanya.

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Muda wa mwisho, Novemba 2014, ulisogezwa hadi Juni 2015. Mkoa wa Katavi ulikuwa mchanga mno. Ulipokea agizo hili ukiwa bado unajijengea ofisi zake. Kote nchini wananchi walichangishwa fedha, mchanga, mawe na nguvu, mara nyingine kwa shuruti. Kuta zilipanda. Hata hivyo agizo lilipimwa kwa kuta, na mwaka 2017, Wizara ya Elimu ilipogawa vifaa vya maabara, ilizilenga shule zilizokwisha kukamilisha majengo. Shule iliyochelewa kuezeka ilichelewa pia kupata hadubini.

Wakati huohuo palikuwa na mkondo mwingine, usio na jiwe la msingi. Walimu wa kujitolea wa Peace Corps nchini, pamoja na wenzao Watanzania, walieneza mbinu waliyoiita Shika na Mikono: kufanya majaribio kwa vitu vya dukani na sokoni. Fikra hiyo si ngeni. Kitabu cha UNESCO cha mwaka 1956 kuhusu ufundishaji wa sayansi kilitokana na kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi zilizobomolewa na Vita vya Pili vya Dunia. Kwa mbinu hii myeyusho wa Benedikti hutengenezwa kwa mrututu, magadi soda yaliyokaangwa na asidi ya limau. Ayodini hununuliwa duka la dawa. Motopoa huchukua nafasi ya taa ya spiriti. Wanga wa kupima, katika mkoa unaolima mpunga na mahindi, haujawahi kuwa tatizo.

Elimu ya vijidudu ndiyo inayoonyesha mpaka wa mbinu hiyo. Ukungu wa mkate huota wenyewe na huonekana kwa lenzi ya mkononi. Bakteria ni jambo jingine. Agari ikiyeyushwa kwa mchuzi na kutakaswa katika sufuria ya presha kwa dakika 15, makundi yao huonekana kwa macho baada ya siku moja au mbili. Lakini sahani hizo zisifunguliwe, na lazima zitakaswe tena kabla ya kutupwa. Kazi hiyo inahitaji mkaa, klorini, glavu na mwalimu mwenye muda, na kila kimoja hununuliwa upya kila muhula. Mtafiti anayetaka kujua kama maabara ya mwaka 2015 ilitumika, basi, aanze na leja ya stoo ya shule: aangalie ayodini iliingia lini, ilitoka lini, na kama baada ya chupa ya kwanza iliandikwa ya pili.