"Watu wa Miti": Jina na Kitabu Chake

Kitabu cha Richard St. Barbe Baker, *Men of the Trees*, kilichochapishwa mwaka 1931, kina jina la Kiingereza lililozaliwa kwa Kiswahili. Baker aliwasili Kenya mwaka 1920 akiwa afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni, akakuta sehemu kubwa za nyanda za juu zimekwisha kufyekwa. Mwaka 1922, huko Muguga, yeye na Chifu Josiah Njonjo waliwaita vijana wa Kikuyu kwenye ngoma ya miti. Waliojitolea waliapa kuulinda msitu wa asili na kupanda kila mmoja miti 10 kwa mwaka. Wakaitwa Watu wa Miti.

Jina hilo lastahili kuchunguzwa. A-unganifu ya "wa miti" humweka mtu katika milki ya mti, na hapo Kiingereza kilifuata vyema. Penye "watu" ndipo palipo tatizo: neno hilo ni wake kwa waume, ilhali lile lililoteuliwa laweza kusomwa kuwa wanaume peke yao. Ni kweli kwamba walioapa Muguga walikuwa vijana wa kiume, hivyo tafsiri haikulipotosha tukio. Iliupunguza upana wa jina. Upana huo ulijazwa miaka 55 baadaye, Wangari Maathai alipoanzisha harakati ya Green Belt mwaka 1977, ambayo wapandaji wake wengi walikuwa wanawake wa vijijini. Naye alipoandika kitabu kuhusu mbinu za kazi hiyo, alikiandika kwa Kiingereza.