Mshale wa mafuta unapokudanganya

MSHALE ukionyesha nusu tangi ilhali mafuta yamekwisha, dereva hukwama gizani pasipo na msaada. Kabla ya kununua kipimo kipya, bainisha kasoro iko wapi.

Katika Land Rover Series III, iliyoundwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, kipimo cha mafuta na kile cha joto la injini hutegemea kidhibiti kimoja cha umeme, cha takriban volti 10. Vikikosea vyote kwa pamoja, shuku kidhibiti hicho.

Kikikosea cha mafuta pekee, zima swichi, chomoa waya kwenye kifaa cha tangini, uushikize kwenye chuma cha bodi, kisha washa kwa sekunde chache. Mshale ukipanda, kipimo na waya huo ni vizima: chunguza boya lililotoboka, au kutu panapoungana tangi na bodi. Usipopanda, kagua waya na kipimo.

Kufungua tangi mwachie fundi. Mvuke wa petroli hulipuka kwa cheche ndogo. Hadi litengenezwe, jaza tangi na uhesabu kilomita, usiuamini mshale.