Daftari, Jalada na Ufunguo: Toka Boma la Kisaki hata Seva Pepe

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hutumiwa sana na wafanya biashara, lakini yazihusu dola pia, maana serikali isiyo na daftari haijui leo iliahidi nini jana. Walakini methali yatupa nusu ya jambo tu. Daftari likisha kuandikwa, huzuka swali jingine lililo gumu zaidi: nani ana ruhusa ya kulifungua? Historia ya nyaraka za Tanganyika ni historia ya majibu mbalimbali yaliyotolewa kwa swali hilo, na yafaa ianzie mahali padogo kama Kisaki kuliko mji mkuu.

Kisaki iko kusini ya milima ya Uluguru, karibu na mto Mgeta, katika nchi ya Wakutu. Misafara ya pwani ilipita katika nchi hiyo, na mwaka 1857 Burton na Speke walitua Zungomero, palipokuwa kituo mashuhuri cha Ukutu. Wajerumani walipoitwaa nchi waliweka boma Kisaki. Boma halikuwa ngome ya askari tu. Lilikuwa ofisi pia. Amri ya tarehe 26 Novemba 1895 iliifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya Serikali, na amri ya mwaka 1897 ikaanzisha kodi ya nyumba. Amri za namna hiyo hazitimizwi kwa bunduki peke yake. Hapana budi nyumba zihesabiwe, majina ya majumbe yaandikwe, na stakabadhi zitolewe. Hivyo mkulima asiyejua kusoma alianza kuishi maisha mawili: moja shambani mwake, na la pili katika karatasi asizoziona kamwe.

Vita Kuu vilionyesha jinsi karatasi hizo zilivyokuwa na thamani. Tarehe 7 na 8 Septemba 1916 majeshi ya Jemadari Smuts yaliishambulia Kisaki kutoka pande mbili bila ya kuwasiliana vyema, yakarudishwa nyuma na von Lettow-Vorbeck. Siku chache baadaye Wajerumani waliuacha mji wakavuka kusini. Katika miaka hiyo hiyo ya kurudi nyuma, sehemu ya nyaraka za serikali yao ilifukiwa ardhini, kama mtu afukiavyo fedha yake. Nazo zilikuja kufukuliwa vita vilipokwisha. Jambo hili lina mafunzo yake. Mtawala anayekimbia huacha nyumba, huacha hata chakula, lakini hufikiri kwanza habari za karatasi zake. Ajuaye mahali zilipofukiwa ndiye mwenye ufunguo, na hakuna mwingine.

Chini ya utawala wa Waingereza ufunguo ulihamia masjala. Masjala ilikuwa chombo kilichofikiriwa vizuri. Kila shauri lilikuwa na jalada lake, kila jalada na namba yake, na kila barua iliyomo ilitiwa namba ili isinyofolewe bila kutambulikana. Jalada lilipotoka, karani aliandika katika kitabu jina la afisa aliyelichukua na tarehe. Majalada ya kawaida yalikaa katika makabati ya wazi. Yale ya siri yalifungiwa, na mikono iliyoruhusiwa kuyagusa ilikuwa michache. Utaratibu wote ulitegemea jambo moja: kwamba karani amjua kwa sura mtu aliyesimama mbele yake, na ajua cheo chake.

Ubaya wa utaratibu huo haukuwa katika kabati, bali katika orodha ya wenye ruhusa. Mwaka 1950 Serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na wakulima wakalazimishwa kukata matuta milimani. Watu waliona kwamba kazi ni kubwa na faida haionekani. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Katika shauri kama hilo wakubwa waliandikiana mengi. Walakini yule aliyetajwa katika barua ya siri hakuwa na njia ya kujua ameandikwaje, wala ya kusahihisha neno.

Saa ya uhuru ilipokaribia, orodha ile ilidhihirisha tabia yake. Mwezi wa Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa maagizo kwamba karatasi ambazo zaweza kuiaibisha Serikali ya Uingereza, au kuwafichua waliokuwa wakiipa habari, zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Nyingine zilichomwa moto, nyingine zikapelekwa Uingereza. Katika Kenya majalada yaliyotengwa yalipigwa alama, na ruhusa ya kuyashika ikafanywa kuwa ya raia wa Kiingereza wenye asili ya Ulaya tu. Hapo cheo hakikutosha tena, wala uaminifu. Ngozi ndiyo iliyokuwa hati ya kuingilia. Majalada hayo yalikaa gizani Hanslope Park mpaka mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipokuwa katika kesi yao dhidi ya Serikali ya Uingereza mjini London. Ndipo yalipotajwa hadharani, na baadaye yakafunguliwa kwa wasomaji, yale ya Tanganyika yakiwa miongoni mwao. Mwaka 2013 Serikali hiyo ilikubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000. Basi hakuna awezaye kusema kwamba swali la nani afungue jalada ni swali la makarani tu.

Tanganyika huru ilijibu kwa kuanzisha hifadhi yake ya nyaraka mwaka 1963, na sheria yake ikapitishwa mwaka 1965. Nyaraka za Kijerumani zilipangwa upya, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1973. Mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika daftari la kumbukumbu za dunia. Sheria ya mwaka 2002 iliunganisha kazi ya masjala na kazi ya hifadhi, kwa sababu jalada lisilotunzwa ofisini halitafika salama katika historia.

Leo masjala inahamia katika mashine, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imelipa jambo hilo nguvu. Yafaa msomaji wa historia aelewe mashine hiyo, maana ndani yake maswali yale yale yamevaa nguo mpya. Kompyuta moja kubwa hugawanywa kwa programu, ikawa kana kwamba ni kompyuta nyingi; kila moja huitwa seva pepe. Fikira hii si ngeni, kwani ilikwisha jaribiwa katika mashine za IBM katika miaka ya 1960. Katika seva moja huwekwa majalada. Katika nyingine huwekwa saraka, yaani daftari la majina: taasisi, chini yake idara, na chini ya idara watu na makundi yao. Lugha nyepesi ya kuiulizia saraka, iitwayo LDAP, ilitolewa mwaka 1993, na wenye kuitengeneza walikuwamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani.

Afisa anapoandika jina lake na nenosiri, seva ya majalada haimwamini wala haimkatai kwa nafsi yake. Huipelekea saraka ombi hilo kwa njia iliyofichwa kwa maandishi ya siri. Saraka ikimkubali, seva hutazama amo katika makundi yapi, na makundi ndiyo yaonyeshayo ni majalada gani awezayo kusoma, na yapi awezayo kuyaandikia. Kila mlango uliofunguliwa huandikwa katika kitabu kisicholala. Afisa akihamishwa au kustaafu, jina lake hufungwa mahali pamoja, na milango yote humfungia. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, saraka ikizimika ofisi nzima husimama nje. Kwa hiyo wajenzi wenye busara huweka saraka ya pili, na nakala za majalada mbali na jengo la kwanza.

Mashine hii, basi, ni karani aliyetimilika: hachoki, hasahau, hapokei rushwa. Walakini yeye hutii orodha, wala hajui kama orodha ni ya haki. Orodha iliyoruhusu ngozi moja tu ingetimizwa na seva kwa uaminifu ule ule inaotimiza orodha iliyo njema. Mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya saraka aweza kufukia nyaraka za nchi bila jembe, na bila mvuke wa udongo uliofukuliwa kumfichua.

Kwa hiyo kazi kubwa haiko katika kununua mashine, bali katika kuyaandika makundi: nani ayaandike, nani ayakague, na baada ya miaka mingapi jalada litoke katika kundi la wachache liingie katika kundi la wote. Mjukuu wa mkulima wa Kisaki, ambaye babu yake alihesabiwa bila kuona hesabu, hatauliza majalada yamo katika kabati au katika seva. Atauliza kama jina lake limo katika daftari la wenye ruhusa ya kusoma.