Skripti zilizosaidia vivinjari vya zamani

Mwezi wa nane mwaka 2001, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa kivinjari Internet Explorer 6. Mshindani wake mkubwa, Netscape, alikuwa amekwisha kushindwa. Basi toleo la 7 likangojewa miaka mitano, hadi mwezi wa kumi 2006.

Katika miaka hiyo watengenezaji wa tovuti walipata taabu sana. CSS, lugha inayopanga rangi na sura ya ukurasa, ilikuwa imeendelea, lakini kivinjari hicho kiliielewa nusunusu. Menyu ya kufunguka mtu akipitisha kipanya juu yake haikufunguka, kwani kivinjari kilikubali jambo hilo kwa viungo peke yake. Mwenye tovuti hakutaka kusikia sababu. Kwake, fundi ndiye aliyekosa.

Mafundi wakakimbilia JavaScript. Mwaka 2003, Patrick Griffiths na Dan Webb walionyesha skripti fupi ya kufungua menyu hizo. Mwaka 2004, Dean Edwards alienda mbali zaidi. Skripti yake, aliyoiita IE7 kabla Microsoft haijatoa toleo lenye jina hilo, ilisoma CSS ya ukurasa na kuitafsiri kwa namna ambayo kivinjari cha zamani kingeielewa.

HTML5 ilipokuja, shida ilirudi. Internet Explorer haikukubali kupamba sehemu mpya za ukurasa, kama «article» na «section». Mwaka 2008, Sjoerd Visscher aligundua kwamba ilitosha JavaScript itengeneze sehemu yenye jina hilo mara moja tu, nacho kivinjari kikalitambua. Kutokana na ugunduzi huo ilizaliwa html5shiv, ambayo Remy Sharp aliisambaza mwaka 2009.

Lakini msaada huo ulikuwa na bei. Skripti hufanya kazi ndani ya kompyuta ya msomaji, na mara nyingi mwenye kivinjari cha zamani ndiye mwenye mashine dhaifu. Yeye ndiye aliyengojea zaidi ukurasa ufunguke. Akiwa amezima JavaScript, msaada wote ulipotea.

Ndiyo maana mafundi wengi waliacha kudai ukurasa ufanane kila mahali. Walikubali upungukiwe na mapambo, mradi maandishi yasomeke. Tarehe 15 mwezi wa sita 2022, Microsoft iliacha kuhudumia Internet Explorer 11 kwenye matoleo mengi ya Windows 10.